Pointi Imelala

Kilichotangulia ni mlio: klak, chuma kikigonga chuma. Nilikuwa nyuma ya nyumba yetu pale mjini Salama, nikianika nguo kwenye jua la mchana. Niliingia mbio, nikamkuta baba mbele ya kompyuta yangu, mikono mapajani.

"Sijagusa kitu, mwaitu," akasema. Mwaitu ni mama kwa Kikamba; huniita hivyo kwa kuwa nimebeba jina la mama yake.

Katika mchezo wa treni kwenye kompyuta hiyo nilikuwa nachora mahali reli inapogawanyika: njia kuu inyooke, ya pembeni iingie ghalani. Penye mgawanyiko kuna pointi, vyuma vinavyosogea kuipa treni njia. Yangu ilikuwa imesogea bila mtu. Treni ikaingia pembeni, ikagonga behewa lililoegeshwa.

Baba alifanya kazi ya pointi kwenye reli miaka mingi. Kwa lugha ya washika pointi, pointi imelala ikielekea njia kuu. Imeamka ikielekea pembeni. Treni ikikaribia, mshika pointi huiangalia, kisha hupaza sauti: "Imelala!" Siku moja treni iliingia pembeni, mwenzake akafia ndani ya behewa lililoegeshwa huko. Baba aliapa mbele ya wakubwa kwamba pointi ilikuwa imelala. Tangu hapo alitafuta mtu wa kumthibitishia kwamba chuma kinaweza kuamka chenyewe.

"Rudia," akasema.

Niliilaza. Treni ilipokaribia akaita, "Imelala!" Klak. Pembeni.

Niling'oa reli yote, nikaitandika upya. "Imelala!" Klak.

"Umeona? Inaamka yenyewe! Niliwaambia!"

"Ama ni hii mashine, Baba. Niliinunua kule mjini Kabati."

"Kabati? Huko kwenye uchawi hata redio iliyozimwa huongea."

Tulicheka. Nilitamani sana kumwambia ndiyo, huamka zenyewe. Ila nilikuwa nimemtazama. Kila mara aliita akiwa ameelekeza macho ukutani.

"Baba, angalia kwanza."

Akainama hadi pua ikakaribia kioo. Akaangalia kwa muda mrefu. "Imelala," akasema polepole. Treni ikapita njia kuu, ikaenda zake.

Tulirudia mara tatu. Aliangalia, ikapita.

"Siku ile sikuangalia," akasema.

Akasimama, akafunga vifungo vya koti hadi shingoni.

"Unaenda wapi?"

"Kwa mke wa yule mwenzangu. Bado anauza maharagwe hapo sokoni."

"Nikusindikize?"

"Hapana, mwaitu."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukafunga.