Gurudumu la Nyuma la Kaka

Kaka yangu hubeba vigae. Ghala analofanyia kazi liko nyuma ya kituo cha mafuta, na kutwa nzima yeye na wenzake huteremsha maboksi kutoka kwenye malori, huyapanga hadi karibu na dari, kisha huyashusha yale yale na kuyapakia kwenye magari ya wateja. Jioni akirudi hukaa kwanza kwenye ngazi ya mlango, mikono ikining'inia kati ya magoti kama vitu alivyoachiwa avitunze. Halafu huchukua baiskeli yake ya mbio na kutokomea, na mama husema, "Huyu mtoto mgongo wake ameukodi wapi?"

Mwaka huu kampuni moja ya usafirishaji ilitangaza kuunda timu ya waendesha baiskeli wa kulipwa mshahara. Ingewachukua vijana wanane wa kwanza kumaliza mashindano ya kufunga msimu, mradi wasiwe wametimiza miaka ishirini na mitano. Kaka alikuwa na ishirini na nne. Kwake yeye hapakuwa na mwakani: ama aache vigae mwaka huu, ama azeeke navyo.

Miguu alikuwa nayo. Magurudumu ndiyo yaliyomwangusha, yale mazito aliyoyakuta kwenye baiskeli alipoinunua kwa mtu.

"Nikianza kupanda mlima," aliniambia, "nahisi kuna mtu nimempakia nyuma anasoma gazeti."

Alijibana akapata fedha kidogo. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi, kwa hiyo nikawa msomaji wake. Tulikaa mezani na simu yake yenye kioo kilichopasuka, nikimsomea mambo waliyoandika watu wa mbali kuhusu uzito wa rimu na idadi ya spoki, naye akiuliza maswali ambayo watu wale hawakuyajibu. Kwa mfano: je, kama barabara ina mashimo na mwendeshaji hana jozi nyingine?

Jumamosi tukaenda kwa fundi baiskeli.

"Profesa naye kaja," alisema fundi aliponiona. Nikatazama chini, kwenye sakafu nyeusi kwa grisi. "Haya, semeni. Tununue nini na tusinunue nini?"

Kaka alimwonyesha picha ya magurudumu ya kaboni, yale yenye rimu pana.

"Sahau. Hayo kwa bei hiyo yanavuma kama ndege inatua, ila shimo la kwanza tu, utayaokota kwa ufagio." Alimrudishia simu. "Nikufungie mengine mimi mwenyewe. Rimu za alumini, spoki nyembamba, habu zako hizo hizo za katikati. Unabaki na gia zako nane za nyuma, hakuna kubadilisha kitu kingine. Fedha ikibaki, nunua tairi nzuri. Mwendo uko kwenye tairi, bwana, ila watu hawapendi kusikia, maana tairi haipigwi picha."

Kaka alicheka. Alikuwa tayari kukubali, namjua. Lakini Nahodha wa klabu ya baiskeli aliyomo kaka akaingia kuchukua baiskeli yake.

Nahodha alikuwa na miaka zaidi ya thelathini. Timu ya kampuni haikumhusu. Alichotaka ni kombe la msimu, ambalo mara mbili lilimponyoka karibu na mwisho. Mtu mcheshi, mwenye kukushika bega anapoongea nawe.

"Gia nane? Mdogo wangu, gia nane ni za kwenda kununua mkate! Kuna jamaa anauza jozi kama yangu, ya gia kumi na moja. Imetumika kidogo tu. Bei utaiweza."

"Na vya kubadilishia gia je?" aliuliza fundi. "Na cheni? Alivyo navyo havitaingiliana."

"Ninavyo vya zamani nyumbani. Nampa vyote, bure."

"Bure," fundi alirudia polepole, kama mtu anayeonja dawa.

"Mzee, acha wivu wa biashara!"

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa. Alimgeukia kaka. "Klabuni kwenu wangapi wanatumia gia kumi na moja?"

"Nahodha tu."

"Na sasa wewe."

Kaka aliyasikia maneno hayo kama sifa. Njiani alikuwa akitembea mbele yangu, anageuka kila mara. "Umeona mtu mwenye roho nzuri? Vitu vyake mwenyewe, bure!"

Kwa wiki kadhaa baada ya hapo nilimwona kaka mwenye furaha. Magurudumu aliyalaza chumbani, akayafuta kwa kitambaa laini. Aliporudi kutoka mlimani alisema mtu wa gazeti ameshuka. Klabuni nako kocha alimpa zoezi jipya: kuchomoa gurudumu la nyuma na kulikabidhi upesi. Ndiyo sheria yao. Nahodha akipata pancha na gari la vifaa liko mbali, mwenzake ambaye gurudumu lake linamfaa husimama na kumpa. Anayekataa hana klabu, na asiye na klabu haandikishwi kwenye mashindano. Zamani, kaka akiwa na gia nane, sheria hiyo ilimpita kando, maana gurudumu lake lisingemfaa Nahodha. Sasa alifanya zoezi lile kwa bidii, akijivunia kwamba anahesabiwa.

Siku ya mashindano nilisimama karibu na kilele cha mlima nikiwa na chupa za maji za klabu. Waliotangulia walikuwa saba, Nahodha na kaka wakiwemo. Kaka alipanda ameketi, mdomo umefumba, mabega hayatikisiki. Kutoka pale kilichobaki ni kushuka na kunyoosha hadi mwisho. Nilianza kulia kabla hajanifikia, jambo la kipumbavu.

Kisha tairi ya nyuma ya Nahodha ikapasuliwa na jiwe.

"Gurudumu!"

Gari la vifaa lilikuwa chini huko, limezibwa na kundi kubwa. Wenzao wa klabu walikuwa nyuma pia. Kaka alikuwa hatua chache mbele yake. Angeweza kusema hakusikia. Baadaye watu wengi walimwambia hivyo, watu waliokuwa wamekaa kwenye viti. Lakini mkono wake ulishika breki kabla kichwa hakijaamua, ndivyo alivyofunzwa. Alichomoa gurudumu kwa ustadi ambao kocha angeupenda, akalikabidhi, akamsukuma Nahodha mgongoni apate mwendo.

Nilimkimbilia. Alikuwa amesimama na baiskeli isiyo na gurudumu la nyuma, na lile la Nahodha lenye tairi iliyochanika liko miguuni pake. Waliokuwa nyuma wakaanza kumpita, mmoja mmoja, halafu kwa makundi.

"Kaka."

"Nipe maji."

Gari lilipofika, lilikuwa limeshatoa gurudumu lake la akiba kwa mwingine.

Nahodha alitwaa kombe. Kwenye kipaza sauti aliishukuru klabu nzima. Kocha alimfuata ofisa wa kampuni kumweleza habari za kaka, na ofisa alisikiliza kwa adabu, akasema, "Sisi tunawachukua waliomaliza. Aje mwakani."

Nahodha alilileta gurudumu mwenyewe, amelifuta vumbi. "Mdogo wangu, hiki kitu kinakwenda! Mungu akubariki."

"Ulijua?" kaka aliuliza.

"Nilijua nini?"

"Siku ile kwa fundi. Uliponiambia nichukue kama yako."

Nahodha aliacha kutabasamu, ila hakuona haya. "Kila nahodha anahitaji mtu. Miaka minne mimi nilikuwa mtu wa nahodha aliyenitangulia. Nani alinihurumia?" Akamshika bega, akarudi kupigwa picha.

Nyumbani mama alikuwa amesikia redioni kwamba klabu yao imechukua kombe. Alitupokea mlangoni, ameshajifunga kitenge chake kizuri.

"Mmeshinda?"

"Tumeshinda, mama."

"Jirani! Njoo umsikie mwanangu! Vigae basi, tumewaachia wenyewe!"

Kaka alimpita taratibu, akaingia uani. Tulisikia bomba likifunguliwa. Mama alimfuata akiwa bado anaongea, akamkuta amechuchumaa mbele ya beseni, analoweka ovaroli la ghalani. Akaanza kulegeza fundo la kitenge chake. Kaka alimwaga sabuni ya unga, akaanza kufikicha magoti ya lile ovaroli, hapo ambapo vumbi la vigae huwa halitoki.