Sahihi Niliyomtilia Zuhura

Nimekosa. Wala sianzi na "shetani alinipitia". Shetani hakuwepo ofisini siku ile. Nilikuwepo mimi, kalamu yangu na kikombe changu cha chai, na nilijua ninachokifanya.

Jina langu silitaji. La mwenzangu nimelibadilisha, nitamwita Zuhura. Watu wa London watakaotujua, na watujue! Wameshanisema vya kutosha kwenye maarusi na mahitima yao. Leo nakuambia wewe, msomaji usiyenijua, maana wewe angalau utanisikiliza mpaka mwisho.

Mie Mzanzibari. Niliingia nchi hii miaka ya tisini na mume wangu, tukapata makaratasi yetu kwa taabu, tukatulia Kingsbury. Nikapata kazi ya ukarani kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Stanmore. Mwenye nyumba ile alikuwa Muhindi wa Kisumu, mtu mzima, Kiswahili chake kizuri kuliko cha wanangu, ambao ukiwasemesha wanakujibu Kiingereza. Kazi yangu ilikuwa mafaili: zamu, likizo, na makaratasi ya wafanyakazi wa kigeni.

Zuhura alikuja mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kutoka Mombasa. Wakati ule nyumba za wazee zilikuwa hazipati watu. Bosi akilipeleka jina lako serikalini, akasema namtaka huyu, unapata kibali cha kazi. Jina la Zuhura nililichapa mimi mwenyewe kwenye fomu. Alipofika nikampa chumba cha juu nyumbani kwangu. Tukawa tunakwenda kazini pamoja, tunapika pamoja, tunagombana pamoja kwa sababu yeye anatia sukari kwenye maharage na mie siwezi kuyala.

Alikuwa ameachika, na ana mtoto mmoja, Rukia, aliyemwacha kwa bibi yake. Kila kitu alichokifanya Zuhura nchi hii alikifanya kwa ajili ya Rukia. Kila Januari maduka yakishusha bei alimnunulia koti la baridi, akalitundika nyuma ya mlango. Mwaka unaofuata analitazama, anasema, "Ah, hili sasa litambana," ananunua jengine.

Utaniuliza, kwa nini hakumleta mapema? Chumba kilikuwa kidogo, kitanda kimoja. Na bibi alikataa katakata, mtoto amalize kidato cha nne kwanza. Halafu sheria ilikuwa inajulikana: ukifanya kazi kwa kibali miaka minne, unaomba ukaazi wa kudumu. Zuhura akapiga hesabu yake. Miaka minne ingetimia mwezi wa kumi. Rukia angetimiza kumi na nane mwezi wa kumi na moja, na kabla ya hapo bado anahesabiwa mtoto wa mamake. Apate ukaazi, apange nyumba yake, amwombee binti viza, aje. Mwezi mmoja wa kupumulia. Alikuwa akiuhesabu kwa vidole.

Basi baridi inaondoka, mwaka ule wa nne, bosi akaniita. Ana barua mkononi.

"Wamebadilisha," akasema. "Sasa si minne tena, ni mitano. Na waliokwisha kuanza nao wamo. Mpe kila mwenye kibali nakala yake, atie sahihi kwamba amepata. Asije mtu kusema sikumwambia."

Lo! Mitano! Rukia atakuwa ameshavuka kumi na nane.

Lakini mlango ulikuwa haujafungwa, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Zuhura angeweza kumwombea Rukia viza palepale, kama mtoto wa mfanyakazi mwenye kibali, bila kusubiri ukaazi wowote. Nilijua, maana makaratasi ndiyo kazi yangu. Tulikuwa na zaidi ya nusu mwaka mkononi.

Siku ileile nikamwita Lina, Mfilipino, naye kea, mtunza wazee, kama Zuhura, ana mtoto wa kiume kwao wa miaka kumi na saba. Nikampa barua, nikamweleza vizuri, nikamwambia usilale. Lina alilia dakika tano, akapangusa uso, akaanza kupiga simu. Kabla ya majani kudondoka mwanawe alikuwa hapa, anasoma chuo.

Na Zuhura? Zuhura wangu, aliyelala juu ya kichwa changu?

Zuhura alikuwa na arusi. Kaka yake Kassim anaoa Mombasa, na yeye ndiye anayepeleka nguo za bibi arusi. Nyumba nzima masanduku. Anaimba ngazini. Wewe unatujua sisi tulivyo. Mtu mwenye shughuli hapelekewi habari mbaya. Mja mzito hapelekewi. Mwenye mtihani, mgonjwa, msafiri, wote wanafichwa mpaka wapoe. Tumelelewa hivyo na tunaita huruma.

Nikaichukua barua yake nikaitia kwenye mkoba. Na kwenye karatasi ya bosi, mbele ya jina lake, nikatia sahihi yake.

Si hayo tu. Wanawake wawili watatu wa kwetu walikuwa wameshaisikia sheria hiyo. Niliwapigia simu mmoja mmoja. "Msimwambie Zuhura, ana arusi, nitamwambia mwenyewe akirudi." Wote wakasema, "Vyema, mwache afurahi kwanza." Hakuna hata mmoja aliyesema, we mwanamke, una wazimu?

Akarudi kutoka arusini. Wiki ya pili mamake akaanguka kwa presha. Nikasema, mgonjwa apate nafuu kwanza. Akapata nafuu. Nikasema, amechoka, apumzike. Ikaingia Ramadhani. Nani anamharibia mtu funga yake? Nikasema, Idi ipite. Kila nikifungua mdomo kulikuwa na kitu mbele yake. Na kila siku niliyonyamaza iliifanya siku ya kusema iwe ngumu zaidi, maana sasa si barua tu, kuna na swali la ulikuwa wapi siku zote.

Na nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mimi nilishafanyiwa! Baba yangu alifariki Unguja wakati nimejifungua mwanangu wa kwanza hapa London. Walinificha siku arobaini. Nilikuwa namwandikia barua, namwambia mjukuu amefanana naye, nikamtumia na sweta la buluu. Namwandikia maiti, na mume wangu anajua, anabandika stempu! Nilipoambiwa nilivunja sahani nikaapa sitamfanyia mtu hivi. Niliapa, wallahi. Nikamfanyia Zuhura.

Idi ikapita. Jumatatu yake Zuhura akaja ofisini na bakuli la visheti, kajipaka wanja, kafurahi. Bosi alikuwapo.

"Bwana, mwezi wangu umefika," akasema. "Nataka ile barua yako ya kuombea ukaazi."

Bosi akamtazama. "Zuhura, umesahau? Sasa ni miaka mitano. Si ulipata barua na ukatia sahihi?"

"Sahihi gani?"

Akatoa faili. Zuhura akainama, akaitazama ile sahihi muda mrefu. Mie herufi ya zedi huikata kwa mstari katikati, tangu skuli. Yeye haikati. Ameshaiona zedi yangu mara ngapi kwenye ratiba za zamu!

Hakupiga kelele. Aliinua uso akanitazama.

"Miezi sita, shoga," akasema. "Miezi sita unakula na mimi."

Nikaanza, "Ulikuwa na arusi, Zuhura, nikasema..."

"Arusi ya Kassim! Ningeiacha arusi ya Kassim nikamchukua mwanangu!"

Bosi alitoka nje ya ofisi yake mwenyewe, akatuacha. Visheti vilibaki mezani mpaka vikatupwa.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu na siku mbili. Sikukaa kulia. Nilichukua likizo, nikajaza fomu zote, nikatafuta barua ya kodi, barua ya kazi, kila kitu. Zuhura alikuwa ananipa karatasi bila kunitazama. Lakini kule Mombasa Rukia hakuwa na pasipoti. Na ilitakiwa barua ya babake kwamba amekubali mtoto aondoke, na babake yuko Lamu, simu hapokei. Kassim akaenda kumtafuta. Barua ikapatikana. Pasipoti ikatoka siku tisa baada ya Rukia kutimiza kumi na nane.

Siku tisa! Na mimi nilikuwa nazo zaidi ya mia mbili mkobani.

Zuhura alihama mwezi uleule, akaenda Rayners Lane. Alichukua vitu vyake vyote, akasafisha chumba, akafagia hadi chini ya kitanda. Makoti manne aliniachia nyuma ya mlango.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa sinyenyekei kwa mtu.

Walisema nilimwonea wivu. Wivu wa nini? Wa kuamka alfajiri kwenda kuogesha wazee? Walisema nilimtaka abaki mpangaji wangu. Waongo! Na wanaosema hayo ni walewale niliowapigia simu wakanyamaza na mimi. Midomo yao ilikuwa imeshonwa? Zuhura hakuwa na simu? Dhambi ni yangu, naibeba mwenyewe, lakini ya uongo sibebi hata chembe.

Na wale waliokuja na busara zao, "Mwombe radhi yaishe, Mungu ndivyo alivyoandika." La! Msimsingizie Mungu sahihi niliyotia mimi. Na serikali iliyobadilisha hesabu katikati, watu wameshamaliza miaka mitatu na ushee, nayo siisamehe, na nasema wazi. Lakini serikali ilileta barua. Barua ilifika. Aliyeificha ni mimi.

Zuhura alipata ukaazi wake mwaka uliofuata. Kwangu hakuja tena. Nikimwona kwenye duka la mihogo Kingsbury Road, anarudisha kikapu anatoka.

Ikapita miaka mitatu. Jumamosi moja asubuhi simu ikalia. Kassim, kutoka Mombasa. Kumbe Zuhura hakuwahi kumwambia kaka yake kisa chetu! Kwao alisema sheria imebadilika, basi. Alinisitiri. Hilo lilinikata kuliko matusi yote.

"Da'angu," Kassim akasema, "mama amelazwa, hali si nzuri. Lakini usimwambie Zuhura hivyo. Ana ile mitihani yake ya unesi wiki ijayo. Mwambie mama anaumwa kidogo, akimaliza mitihani aje. Wewe ndiye unayejua kusema na mtu taratibu."

Mimi! Ndiye ninayejua!

"Kassim," nikamwambia, "mama atafika wiki ijayo?"

Akaanza, "Mungu ni mkubwa, da'angu..."

"Kassim, nijibu."

"Daktari anasema siku mbili tatu."

Nikakata simu, nikapiga kuulizia ndege. Sikubadilisha hata nguo, nimevaa dera na koti juu, nikapanda basi mpaka Rayners Lane. Nikagonga mlango kama polisi. Zuhura akafungua, aliponiona akaanza kuufunga. Nikatia mguu.

"Mamako yuko mahututi," nikasema. "Daktari anampa siku mbili tatu. Kassim amesema nikufiche kwa sababu ya mitihani. Sikufichi. Kuna ndege leo jioni kutoka Heathrow, nimeshauliza."

Alinitazama. Nyuma yake vitabu vimejaa mezani. Nikadhani atanipiga, na ningesimama nipigwe.

Akasema, "Nishikie sanduku lile juu ya kabati."

Tulipakia haraka. Nikampeleka mpaka uwanja wa ndege, akaingia, hakugeuka. Mtihani aliukosa, akaurudia mwaka mwengine.

Jumatatu simu ikalia tena. Si Zuhura. Sauti ya mwanamke mdogo.

"Mama mdogo, ni Rukia. Mama amefika. Bibi alimjua, wamezungumza. Amefariki leo asubuhi, mama amemshika mkono."

Nikalia, nakuambia.

"Mama amesema nikupigie," akaendelea. "Lakini na mimi nina langu. Yeye aliniambia ile habari yako, mimi peke yangu. Mimi sijakusamehe."

Nikapangusa uso. "Usinisamehe, mwanangu," nikamwambia. "Usinisamehe mpaka utake mwenyewe. Mie sikumwambia mamako juzi ili unisamehe. Nimechoka kuficha."

Basi ndiyo hayo. Nyinyi mnaofanya kazi na makaratasi ya wenzenu, nyinyi mnaopokea simu kwa niaba ya watu, na nyinyi mlioko nyumbani mnaotuambia "tusimwambie kwanza", nawaambieni: barua ya mtu ni ya mtu. Mpeni. Akilia, mwacheni alie, yeye ndiye anayejua la kufanya na machozi yake. Sasa hivi watu wakinialika arusini wananiangalia kwa jicho la wasiwasi, wanajua nikiwa na habari nitaisema hata bibi arusi akiwa kitini. Na wasinialike!

Makoti ya Rukia ninayo, bado yako nyuma ya mlango. Chumba kile sikumpangisha mtu tena. Siku akija kuyachukua, au kunitupia usoni, nitamfungulia mlango mwenyewe.