Lifti Niliyompa Muuza Ng'ombe

Juzi tulimzika, ng'ambo ya Bisil, muuza ng'ombe mmoja ambaye wasomaji wangu wa siku nyingi watamkumbuka. Ndiye aliyekuwa akinicheka kila nikihema. Moyo wake ulisimama asubuhi akinywa chai, na habari iliponifikia niliiacha njiani makala ya gazeti niliyokuwa nikiandika.

Nilipohamia Noonkopir, hapa Kitengela, miaka ya tisini, alikuwa akiswaga ng'ombe kwa miguu kutoka mnada wa Bisil hadi huku, siku nne njiani. Alikula nyama na maziwa, na supu ya mifupa iliyochemshwa na mizizi michungu. Mimi mtu wa magharibi mwa Kenya, niliyelelewa kwa samaki na mboga za kienyeji, nikajitia udaktari, nikamwonya kuhusu mafuta. Akaniangalia kuanzia viatu hadi kitambi. "Wewe mtu wa samaki, hebu twende na mimi mpaka Isinya, halafu tuone ni nani moyo wake ni mgonjwa." Nilikwenda. Nusu ya njia nikadandia lori la mchanga, na kicheko chake nilikisikia hadi lori lilipokata kona.

Kisha mashamba yakaanza kuuzwa. Aliuza kipande, akanunua pikapu, ng'ombe wakaanza kusafiri kwa lori. Nyama ilibaki palepale, ikaongezewa chipsi, soda na chai ya vijiko vinne vya sukari. Kilichoondoka ni mizizi na safari za miguu. Tumbo likamtangulia, nasi tukampongeza kwamba mambo yamemnyookea! Mpaka daktari alipomwambia ana presha na moyo umechoka: apunguze mafuta na chumvi, na atembee kila siku.

Mafuta aliyaacha bila shida. Kutembea ndiko kulikomshinda, wala si kwa uvivu. Kwetu mwenye gari akionekana kwa miguu, watu hunong'ona kwamba amefilisika, na wenye adabu humsimamishia magari. Asubuhi moja nilimkuta kwenye barabara ya Namanga, fimbo mkononi, jasho likimtiririka.

"Supa, mzee!" nikamsalimu kwa Kimaasai. "Ingia nikufikishe."

"Wacha tu nitembee. Daktari amesema."

"Ai, mzee! Watu wataniona nimekupita hivi hivi? Utanitia aibu. Ingia bwana!"

Alitazama barabara, akanitazama mimi, akacheka kidogo. "Haya. Sitaki ukasirike." Nikamshusha langoni kwake, nikaondoka nikijiona muungwana kweli kweli.

Sikumwona tena akitembea. Nilidhani amepona. Mazishini mkewe ndiye aliyenieleza, bila ubaya wowote: "Ile siku ulimleta, aliweka fimbo nyuma ya mlango. Akasema watu wa Kitengela wako na huruma mingi, hawawezi kumwacha atembee."

Sisemi nilimuua. Lakini maneno yale yalinichoma, na bado yananichoma. Kila mmoja wetu alikuja mjini na chakula cha kwao, akaiacha nyumbani kazi iliyokuwa ikikiyeyusha. Hata samaki wangu siku hizi huogelea kwenye mafuta ya kupikia, nami huenda dukani kwa gari, hatua mia mbili tu. Tena tukimwona mwenzetu anajaribu kurudia miguu yake, tunampigia honi tukidhani tunamsaidia.

Kwa hiyo ukimkuta mzee akitembea, na gari lako lina nafasi, punguza mwendo, msalimie kwa heshima, umwache aende.