Ngowa Aliyepanda Ngazi ya Meli Kuutetea Wimbo

Marehemu Ngowa wa Chengo, ambaye pengo lake nyumbani Changamwe halizibiki, alikuwa kuli wa bandarini, lakini kuli mwenye maneno. Kiingereza alikipata misheni. Kigiriki alikipata Tanga, kwenye shamba la mkonge la Mgiriki asiyestahimili sauti ya mtu. Wengine huanza lugha kwa salamu. Yeye aliianza kwa kukemewa. Akarudi na daftari: “noise” ni thorivos, “fuss” ni fasaria, “hubbub” ni vavura.

“Baba Mbeyu,” mkewe Kafedha alimcheka, “miaka minne nchi za watu, umetuletea makelele?”

“Akiba haiozi, mama.”

Mwaka wa 1943 meli ya Kigiriki ilifunga gati Kilindini, winchi yake ya kuinulia mizigo ikavunjika. Makuli walioko sitahani wakaamriwa kulivuta sanduku la mashine kwa kamba na mikono, walishushe gatini. Nao hawavuti kimya: mmoja huimba, wenziwe huitikia, na penye kiitikio ndipo mikono yote huvuta pamoja. Faki, mwimbishaji wa kundi la Ngowa, akaanza kuimba.

Msimamizi Mwingereza alikuja mbio. Migomo ilikuwa imewatia wakubwa hofu, akadhani ni ghasia.

“Uproar! Nyamazeni, ama kundi zima mwende zenu, msirudi!”

Wakavuta kimya, huyu sasa, yule baadaye. Kamba ikaserereka, sanduku likarudi nyuma, nusura limponde Faki mguu.

“Ngowa, sema nao,” Faki alihema. “Tukifukuzwa leo, watoto watakula nini?”

Ngowa aliomba kimoyomoyo, akapanda ngazi hadi kwa nahodha Mgiriki, msimamizi akimfuata nyuma. Kwa Kigiriki alisema: hii si thorivos, si fasaria, wala si vavura. Ni tragudi, wimbo. Akamgeukia msimamizi kwa Kiingereza: “Si uproar, bwana. Ni song. Ndiyo winchi yetu.”

Nahodha alicheka hadi akashika reli. “Maneno yote haya ya fujo umeyatoa wapi?”

“Kwa Mgiriki, bwana. Hakunifundisha mengine.”

“Ndani ya meli yangu wataimba,” nahodha alimwambia msimamizi. Akavua koti, akashuka, akashika kamba nyuma ya Faki.

Faki akapaza sauti. Watu ishirini wakaitikia, na nahodha pamoja nao, akiyavuruga maneno yote. Sanduku likainuka, likavuka ukingo, likatua gatini salama kama yai. Mwenyezi Mungu asifiwe! Msimamizi alitazama, akaenda zake, na kundi la Faki halikuambiwa tena linyamaze.