Mkalimani Hana Maneno Yake

Mwaka ambao jeshi la Kanada lilitafuta wakalimani wa Kiswahili wa kwenda nalo kusaidia wakimbizi wa vita vya Kongo, mimi nilikuwa napanga maboksi kwenye ghala moja Brampton, na mama yangu alikuwa amekimbia vita Uvira akahifadhiwa na ndugu zetu Kigoma. Nauli ya kumfuata sikuwa nayo. Jeshi lingenifikisha bure hadi mpakani mwa Kongo, na kutoka pale ningeomba ruhusa nikamwone. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikajiandikisha.

Mazoezi yalifanyika kwenye ukumbi wa baridi kaskazini mwa jiji. Kapteni aliyetufundisha hakutudanganya. Mtangoja sana, alisema, mtalala kwenye tope, wenyeji watawaona vibaraka na askari watawaona wenyeji. Na mkalimani hana maneno yake: mtu akisema "mimi", nawe unasema "mimi".

Siku moja akamleta mama mmoja wa kanisani kwetu, Mkongo mwenzangu anayekaa mtaa wa Thorncliffe, aigize mkimbizi kwenye kizuizi cha barabarani. Kapteni akaniambia nimwulize anakwenda wapi. Sasa mimi nimelelewa. Nitamwulizaje mama wa umri ule anakwenda wapi kabla ya kumsalimia?

"Yambo, mama. Mulilala muzuri? Batoto beko muzuri?"

Akajibu yote, akaniuliza ya kwangu, tukafika hadi kwa wakwe.

"Amesema nini?" kapteni akauliza.

"Bado hajasema kitu, afande. Tunasalimiana."

Wenzangu walicheka hadi machozi. Kapteni hakucheka hata kidogo, akaamuru tuanze upya.

Safari hii yule mama akavuta kitenge mabegani, akasema polepole: "Niko natafuta mutoto wangu. Alienda mbali. Sijue kama anakula."

Nikafungua mdomo niseme kwa Kiingereza kwamba mimi namtafuta mwanangu, kwamba sijui kama anakula, nikamkumbuka mama yangu. Nikayasema hivyo hivyo huku nalia. Kapteni akasema vizuri, endelea.

Jumamosi nikapiga simu Kigoma, nikamwambia mama naja. Alipiga vigelegele. Tangu siku hiyo kila nilipopiga alinieleza habari za jogoo anayenenepeshwa kwa ajili yangu, na kwamba mtaa mzima unajua naja. Nami usiku nilikuwa nalala nikisikia harufu ya moshi wa jiko lake, katika jengo ambalo halina hata bomba la moshi.

Kisha safari ikafutwa. Wakubwa waliona haina haja tena, tukapeana mikono, nikarudi kwenye maboksi yangu.

Kumwambia mama nilichelewa wiki nzima. Nilipompigia nilimweleza kwa kirefu mambo ya jeshi, amri za wakubwa, ndege zilizogeuzwa, mpaka nikaishiwa.

"Mutoto wangu," akasema mwishowe, "mi sikukuwa nangojea jeshi. Nilikuwa nangojea weye."