Barua Niliyoiandikia Ofisi ya Maji

Ukisimama mlangoni kwangu hapa Rumonge unaliona ziwa lote, mpaka milima ya Kongo upande wa pili. Wageni wanaotoka Bujumbura husimama hapo, wakavuta pumzi ndefu, wakaniambia nina bahati. Huwa nawaacha wamalize. Kisha nawaingiza ndani, nawapeleka jikoni, naifungua robine, bomba la maji. Inakohoa mara mbili, inatoa hewa yenye harufu ya kutu, halafu inanyamaza. Mama yangu huitumia kutundikia kitambaa cha vyombo.

Mji huu umetufundisha kuishi karibu na vitu visivyotufikia. Nyaya za umeme zinapita juu ya paa langu zikielekea mahali nisipopajua. Petroli ikiingia, tunatambua kwa pikipiki zote kukimbilia upande mmoja, na mimi mwenye gari nafika wakati mlinzi anafunga mnyororo. Gari lenyewe limekuwa banda la kuku wa jirani. Na miaka ya karibuni, ziwa lilipopanda, liliingia katika nyumba za watu wa chini bila kupiga hodi, likakaa sebuleni kwao miezi. Maji yaliwafuata wasioyaomba. Sisi tuliojaza fomu, tukagongewa muhuri na kuchimbiwa mtaro, bado tunayangoja.

Ningeyavumilia yote, kwa sababu kuvumilia ndiyo kazi ninayoifanya vizuri kuliko kufundisha. Tatizo ni kwamba nilimwahidi mama.

Tulikuwa ukimbizini Tanzania, kambini. Maji yalikuja kwa saa, na kila familia ilikuwa na bidoni zake, yale madumu ya plastiki, kwenye mstari. Mama alikuwa na moja ya njano, ameifunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa kushikia ili asiipoteze kati ya mamia. Nilikuwa kijana wa sekondari, nimeanza kusoma vitabu na kwa hiyo nimeanza kutoa ahadi. Siku moja tumekaa kwenye vumbi tukingoja, nikamwambia: "Mama, tukirudi kwetu utafungua maji ndani ya nyumba yako. Hutapanga mstari tena maisha yako yote."

Alicheka. "Haya, mwanangu. Nami nitaoga mpaka ngozi itoke."

Tulirudi. Nilisoma chuo kikuu, nikapata shahada ya fasihi ya Kifaransa, kitu ambacho hapa kinanisaidia hasa kuelewa maandishi ya dawa. Nikapata kazi ya ualimu, nikajenga juu ya mteremko kwa sababu ya mandhari. Nikavuta bomba. Wiki ya kwanza maji yalitoka. Mama alifua hata vitu vilivyokuwa safi. Alifua mapazia, akafua mfuko wangu wa vitabu. Wiki ya pili yakawa membamba kama uzi. Ya tatu, hewa. Fundi aliyekuja alitazama juu, akatazama chini, akanieleza kwa upole kwamba maji hayapendi kupanda. Kama ningesoma fizikia badala ya fasihi, ningejenga bondeni.

Bondeni, hatua mia hivi chini ya kwangu, anakaa mama mmoja wa Kongo, mjane, aliyevuka ziwa kutoka Kivu ya Kusini na watoto wake zamani kidogo. Anatengeneza ubuswage, ile mikate ya muhogo inayofungwa kwenye majani, na muhogo lazima ulowekwe siku kadhaa, ubadilishiwe maji, uoshwe tena. Uani kwake kulikuwa na robine, na robine ile haikujua kukauka. Kartiye nzima, mtaa wote, ilichota pale. Naye hakumzuia mtu, ila alipenda kupata nafasi ya kutuchokoza.

"Profeseri!" angeniita mbele ya watu wote. "Ile robine yako iko nafundisha nini leo? Iko nafundisha hewa?"

"Inafundisha subira, mama."

"Aa, subira! Ile tuko nayo mingi. Lete bidoni."

Mama yangu ndiye aliyeshuka kila asubuhi, na bidoni ya njano ileile, kitambaa chekundu kilekile, sasa kimekuwa rangi ya nyama iliyochemshwa. Nilimwambia nitachota mimi kabla ya kwenda shuleni. Akasema nitachelewa, na kwamba wanawake wale ni kanisa lake la pili.

Lazima nieleze desturi ya pale, maana ndiyo iliyoniadhibu baadaye. Kwenye mstari wetu mtu hasimami. Bidoni ndiyo inasimama. Unaiweka nyuma ya ya mwisho, unaenda zako kuwasha moto au kuamsha watoto. Waliobaki pale, mstari ukisogea, wanazisogeza bidoni zote, zao na zako, kwa mguu au kwa mkono. Ukirudi unaikuta imefika mbele. Na kuna sheria moja ambayo sijasikia ikisemwa, ila sijaona ikivunjwa: mtu haisogezi bidoni yake mwenyewe kumpita mwenzake. Husogezwa na wengine. Ya mzazi aliyejifungua juzi, ya mgonjwa, ya mzee, zinaishia mbele bila mjadala. Ile ya kitambaa chekundu kila siku ilikuwa ya pili au ya tatu, hata mama akichelewa.

Mtu mwenye akili angeona hapo kwamba mama yangu ana maji, ana watu, ana heshima. Mimi niliona mama yangu yuko kwenye mstari. Nilikuwa nikimtazama kutoka dirishani, nikinywa chai iliyopikwa kwa maji aliyoyabeba yeye, na nilikuwa na hasira ya mtu aliyeumbuliwa na ahadi yake mwenyewe.

Basi nikaandika barua.

Niliiandika kwa Kifaransa, kurasa mbili, kwa mkuu wa ofisi ya maji. Nilianza na haki ya raia. Nikapita kwenye historia ya bomba langu, nambari ya konteri, ile mita ya maji, tarehe ya kila fundi aliyekuja kutazama juu na kutazama chini. Lakini barua haikuwa na meno. Chuoni walitufundisha kwamba hoja bila ulinganisho ni kama meza ya miguu mitatu, nami nikatafuta mguu wa nne. Nikaandika kwamba mimi, mteja mwenye karatasi zote, sipati hata tone, ilhali hatua mia chini yangu, kwenye ua wa jirani, maji yanamwagika mchana na usiku kwa kartiye nzima.

Niliisoma sentensi ile kwa sauti mara tatu. Ilikuwa nzuri. Bado nakiri kwamba ilikuwa nzuri.

Na nilijua. Sitajificha nyuma ya kutojua. Kila mtu alijua kwamba robine ya yule mama iliunganishwa na kijana mmoja wa ofisi hiyohiyo, aliyemwambia karatasi zitafuata, halafu akahamishiwa mkoa mwingine pamoja na ahadi zake. Hakukuwa na konteri. Hakukuwa na jina lake kwenye daftari lolote. Wakati wa kuandika nililisahau hilo kama mtu anavyosahau chumvi wakati anasifu mchuzi.

Katika miaka yote niliyoishi hapa, ofisi ile haijawahi kujibu kitu. Nimepeleka maombi yaliyozeeka kwenye meza zao mpaka karatasi zikabadilika rangi. Barua hii waliijibu siku ya tisa. Walikuja watu watatu kwa gari, na petroli waliipata wapi Mungu anajua. Nilikuwa nyumbani. Niliwaona wakipita mlangoni kwangu bila kusimama, wakashuka bondeni. Mmoja alikuwa na karatasi mkononi. Nilizitambua zile pambizo zangu pana.

Nilishuka mbio nikiwa na ndara.

"Ni wewe uliyeandika?" aliniuliza mwenye karatasi, kwa heshima kubwa. "Umeandika vizuri sana. Wengi hawatuelezi mahali."

"Hapana, ngojeni. Mimi nililalamikia robine yangu."

"Ya kwako ni shida ya presha, Profeseri. Ile ni ya mradi, itachukua muda. Hii tunaweza kuitatua leo."

Yule mama alikuwa ameinama juu ya karai la muhogo, mikono nyeupe mpaka kwenye viwiko. Mstari wa bidoni ulikuwa umefika kama ishirini. Mama yangu alikuwa pale, amekaa kwenye jiwe, fimbo yake magotini.

"Banasema nini?" mama wa Kongo aliuliza. "Karatasi? Karatasi gani? Mule kijana wenu alisema itakuya. Miye nilingoja. Bado niko nangoja."

"Mama, sisi hatumjui huyo kijana."

"Hamumujui? Alikuwa anavaa shati kama hii yako!"

Wakachimba. Wakakata bomba, wakaliziba mdomo kwa kifuniko cha chuma, wakakaza kwa spana. Ilichukua muda mfupi kuliko kuandika aya yangu ya kwanza. Kabla hawajaondoka, mwenye karatasi alinipa mkono, akanishukuru kwa ushirikiano wangu.

Hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana. Wanawake walichukua bidoni zao moja moja, tupu, zikigongana. Mama wa Kongo aliliangalia karai la muhogo uliokuwa unangoja maji ya pili.

"Profeseri," alisema, bila ule mzaha wake, "ulishindwa kupandisha maji kwako, ukaona bora ikauke kwetu pia?"

Muhogo ule uliharibika. Siku mbili baadaye harufu yake ilipanda mteremko mpaka dirishani kwangu. Yenyewe ilijua kupanda.

Jioni mama yangu aliniita jikoni. Alikuwa anachambua maharage.

"Kambini," alisema, "ulikuwa unajua kukaa kimya kwenye mstari. Ulijifunza wapi hii?"

"Nilitaka usipange mstari tena, mama."

"Nani alikuambia nilikuwa napanga mstari? Nilikuwa natembelea watu."

Tangu siku hiyo kartiye inachota kwenye robine ya jamii iliyo mbali, karibu na barabara ya kwenda Kigwena. Inafunguliwa alfajiri, na saa tatu msimamizi anaifunga kwa kufuli. Kushuka ni dakika ishirini, kupanda na bidoni iliyojaa sijui, maana kila mara nimepumzika njiani mpaka nikapoteza hesabu. Kuna wanaokata shauri na kuchota ziwani, na kila mmoja wetu hapa anajua maji ya ziwani yanaweza kukuletea nini tumboni. Mama ana goti bovu. Nilisema hii sasa ni kazi yangu, sitaki ubishi. Nikachukua bidoni ya njano, nikashuka gizagiza lile la kwanza, nikaiweka nyuma ya ya mwisho kama desturi inavyotaka. Wanawake walinisalimia, "Amahoro," nikaitika. Nikaenda pembeni kusahihisha madaftari.

Niliporudi, mstari ulikuwa umesogea wote. Bidoni ya mama ilikuwa imesimama palepale nilipoiacha, peke yake katikati ya uwanja, kama mtu aliyeshushwa kwenye basi mahali pasipo nyumba. Waliokuja nyuma yangu walikuwa wamepita kando yake. Hakuna aliyeigusa, wala kuipiga teke. Haikusogezwa, basi. Nami siwezi kuisogeza mwenyewe kuwapita, sheria naijua.

Nilirudi nayo tupu siku ile. Siku ya pili, tupu. Ya tatu nilisimama kando yake tangu mwanzo, nikiivuta hatua kwa hatua, mwanamume wa shahada akiburuza plastiki, na nilifika mbele dakika chache kabla ya kufuli. Nilipata nusu. Shuleni nilikuta wanafunzi wamekwenda nyumbani.

Asubuhi ya nne mama aliamka kabla yangu. Nilimkuta mlangoni na fimbo yake.

"Goti lako," nilisema.

"Goti langu halikuandika barua."

Nilimwomba angalau aende na bidoni yangu pia, ile ya bluu, ili tupate mbili. Aliitazama, akapandisha mabega, akaenda nazo zote mbili, zikiwa tupu hazina uzito. Nilibaki nikinawa uso kwa kikombe cha maji.

Hazijapita saa mbili alirudi. Nilisikia sauti kwanza, yake na ya mama wa Kongo, wanacheka juu ya padri fulani na pikipiki yake. Mama wa Kongo alikuwa na bidoni ya kitambaa chekundu kichwani, imejaa mpaka mdomoni, na hakumwaga tone. Aliitua kwenye kizingiti changu. Nilitoka nje, nikasema asante, nikasema na kwa Kirundi, murakoze cane, kana kwamba lugha ya pili ingeongeza uzito.

Hakunitazama. Alimwambia mama, "Kesho nitapita kukuchukua, mama. Usishuke peke yako." Kisha, akiwa ameshanipa mgongo, akanirushia juu ya bega:

"Ile ya bluu iko kule. Tulikuta imesimama, tukaiacha isimame."

Kila siku sasa mama anashuka. Ana zaidi ya miaka sabini, anapanga mstari, na asubuhi yake ya kwenda na kurudi ndiyo inayotupatia maji ndani ya nyumba. Nikitaka kumpumzisha, tunakaa na kiu. Nikikaa kimya na kumwacha ateseke, tunakunywa. Ameniagiza nisimsindikize, nisije nikamharibia.

Siku ile ya nne nilivaa ndara, nikashuka kuifuata bidoni yangu. Saa tatu ilikuwa imepita. Robine ilikuwa na kufuli, uwanja mtupu, matope yameanza kukauka kwenye alama za vitako vya bidoni, mstari mzima wa duara zilizosogea mpaka mbele. Ya bluu ilikuwa imesimama nyuma kabisa. Chini yake ardhi ilikuwa kavu.

Niliishika mkono, nikapanda nayo. Ilikuwa nyepesi sana.