Zamu ya Shati

Jirani yangu hufua kila Jumamosi kwa beseni moja. Maji huyachuja kwenye kopo lililotobolewa, lenye majivu ya mabua ya maharage, ili kipande chake cha sabuni ya mche kisiishe upesi. Kipande chenyewe hukianika kwanza kikauke kama jiwe. Shati jeupe la mumewe hutangulia, povu likiwa jipya. Hufuata nguo za watoto, halafu khanga zake, maji yakiwa yameshakuwa meusi, na mwisho kabisa tambara la kudekia. Mikono yake imepasukapasuka kwa majivu na baridi. Niliwahi kumwambia, “Dada, sabuni ya unga siku hizi imejaa maduka yote ya Majengo.” Akajibu bila kuinua kichwa, “Imejaa huko huko.”

Mumewe ananunua mahindi huko Laela tangu watu binafsi waruhusiwe kununua nafaka, na hurudi na nguo chafu kwenye mfuko. Juzi shati lilitoka mfukoni likiwa limefuliwa na kupigwa pasi, linanukia sabuni ya unga. Jirani yangu aliinusa kola, kisha kwapani. Mumewe, aliyekuwa akinywa chai mlangoni, akasema, “Hilo liache, ni safi.”

“Naona,” mkewe alisema. Akatumbukiza khanga zake kwanza, kwenye povu jeupe, akazifua polepole kuliko nilivyowahi kumwona akifua. Zikafuata nguo za watoto. Likafuata tambara la kudekia. Alipolikamua tambara na kulianika, ndipo akalizamisha shati.